Mgonjwa wa Mazoezi

Kabiria, Nairobi
Jumapili, 14 Juni 2009

Kwako Dada Philister,

Pokea salamu zangu ukiwa jikoni au shambani, popote barua hii itakapokukuta, maana najua hukai chini. Natumai goti la Shemeji Ogutu limepata nafuu, na kwamba watoto wamerudi shule bila kukuachia kopo tupu la sukari. Mimi huku napumua, nakula, na majirani zangu bado hawajanishtaki kwa lolote.

Barua yako nilikabidhiwa na Jacklyne siku ile aliyofika kutoka Nambale, pamoja na ule mfuko wa simsim ambao nimeumaliza peke yangu kwa aibu kubwa. Uliniuliza maswali matatu kwa mpigo, kama askari wa kizuizi cha barabarani. La kwanza, kwa nini mwandiko wangu siku hizi ni mdogo kama chungu waliopotea njia. La pili, kwa nini nikikupigia simu nanong'ona kama niko kanisani. Kisha ukaruka mstari, ukauliza la tatu: "Zachariah, mikono yako ikoje?"

Nitajibu. Lakini niache nije kwa njia yangu, kwa sababu jibu limepita ndani ya kazi niliyonayo, na kazi hiyo usipoielewa utadhani nimerukwa na akili. Leo najitahidi kuandika herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la pili. Ukiona zinapungua kuelekea ukingoni, vumilia. Na usiruke kurasa kwenda mwisho. Nakujua.

Unakikumbuka kikundi chetu cha maigizo, kile cha kuzunguka shule za upili tukiwachezea wanafunzi vitabu vyao vya mtihani. Unakumbuka pia siku uliyoniona jukwaani mara ya kwanza, nikiwa mfalme katika mchezo wa shule, ukamwambia mama kwamba mfalme amesimama kama nguzo ya ua. Basi jiji halikuibadilisha nguzo. Miaka yote hii nilipewa walinzi, mashahidi na maiti. Maiti nilimweza, isipokuwa ile mara niliyopiga chafya. Baada ya vurugu za uchaguzi za mwanzo wa mwaka jana shule zikaacha kutualika, magari ya kukodi yakaogopa barabara, na kikundi kikafa kifo cha kweli.

Ndipo Dedan, ambaye alikuwa mfalme wetu katika kila mchezo, akaniambia kuna watu Hurlingham wanatafuta mgonjwa. Si wa kutibu, akasema, wa kuigiza.

Nyumba yao iko nyuma ya barabara ya Argwings Kodhek, ina bustani ya waridi na mbwa aliyeshiba. Kibao cha langoni kinasema humo hufundishwa wabunifu wa vifaa vya tiba. Wanaofundishwa wanaitwa mafelo. Felo, dada, ni mtu mwenye shahada mbili anayelipwa mwaka mzima ili afundishwe kuwa na wazo. Wafadhili wameona kwamba hospitali zetu zimejaa mashine za ng'ambo zinazokufa umeme ukiyumba kidogo, kwa hivyo wakasema Wakenya wafunzwe kubuni vya kwao. Hapo sina ugomvi. Wazo lenyewe ni zuri. Shida ni kwamba wazo zuri lilipofika Hurlingham, lilikuta watu.

Mkuu wao ni Profesa Nthiwa, mtu mwenye miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kutazamia dari. Chini yake nilipewa mafelo watatu. Viraj ni mhandisi, kijana wa Parklands mwenye mikono mepesi na mdomo mwepesi zaidi. Ndeti amesomea biashara, na kazi yake ni kuuliza kila kitu kitauzwa kwa nani. Nidhi ni daktari kamili, msichana mpole wa miaka thelathini hivi, ambaye alinitazama sana na hakusema mengi. Huyo nilimdharau kuliko wote. Nilidhani hana la kusema.

Hawakalii viti. Wanakalia magunia yaliyojazwa vijipunje, wakizama humo hadi magoti yanafika masikioni, kisha wanabandika vikaratasi vya rangi ukutani na kupigiana makofi. Sheria ya nyumba ni kwamba hakuna wazo baya. Dada, nimekaa nao miezi mitano. Yapo. Nimeshuhudia gongo la kutembelea lenye redio. Nimeshuhudia kofia ya kumwita muuguzi, inayowaka taa juu mgonjwa akikunja uso, nao wakaijaribu kwa kunisimulia mambo ya kusikitisha. Siku moja walivaa glavu nene za kuchomelea vyuma, wakala githeri nazo ili wayaonje maisha ya mtu ambaye mikono haimtii. Ndeti alilia machozi kabisa. Kisha wakavua glavu, wakaagiza kuku.

Utauliza kwa nini hawakwenda kuwatazama wagonjwa wa kweli, na hospitali zimejaa hadi korido. Nami niliuliza. Viraj akanijibu kwamba kibali cha kuingia wodini bado hakijatoka, lakini programu haiwezi kungoja, kwa hivyo kwa sasa wanafanyia mazoezi kwangu. Akaongeza, "Na wewe Mzee ni mzuri kuliko mgonjwa. Wewe hauchoki, na hauulizi dawa."

Nilivyochaguliwa ni hivi. Tulikwenda waigizaji kadhaa, tukaambiwa kila mmoja aigize mzee anayetetemeka. Dedan alitetemeka kama amesimama juu ya mashine ya kusaga mahindi, hadi viatu vikamtoka. Mwingine alitoa ulimi. Zamu yangu ilipofika nilikaa, nikamkumbuka baba alivyokuwa akikaa barazani, mkono wa kulia juu ya paja, kidole gumba kikibingirisha punje ya mtama ambayo haikuwapo. Nikauachia mkono. Sikufanya kingine chochote, niliuachia tu. Profesa Nthiwa akavua miwani yote miwili, akasimama, akasema hajapata kuona kipaji kama hicho.

Hebu fikiria, dada. Mimi. Nina miaka arobaini na tisa na hakuna aliyewahi kunisimamia isipokuwa kunipisha mlangoni. Siku hiyo nilitembea kwa miguu hadi Kabiria nikitabasamu peke yangu kama aliyechumbiwa.

Najua sasa umekunja uso. Unasema nimemchukua baba nikaenda kumfanya mchezo Hurlingham. Wewe ndiye uliyemlisha miaka ile yote, na wewe ndiye uliyekuwa ukimtilia chai nusu kikombe, ukingoja aimalize, kisha ukaongeza nusu nyingine, ili isimmwagikie mbele za watu. Wageni wakaondoka wakisema binti wa Mzee Wesonga ni mchoyo, nawe ukawaacha waseme. Baba mwenyewe hakujua hadi alipofariki. Mimi nilijua, na ni jambo ambalo sikuwahi kuwaambia mafelo, hata waliponibana. Nilitaka libaki la nyumbani.

Na walinibana kweli. Wamefundishwa kwamba ukitaka kujua shida ya mtu, muulize "kwa nini" mara tano mfululizo. Ndeti akaniuliza kwa nini sinywi chai. Nikasema inamwagika. Kwa nini inamwagika? Mkono unatetemeka. Kwa nini unatetemeka? Ni ugonjwa. Kwa nini ugonjwa? Nikasema labda ni wa ukoo. Kwa nini wa ukoo? Nikamwambia hilo amuulize Mungu. Akaliandika kwenye kikaratasi cha manjano, akalibandika ukutani: Mungu. Liko pale hadi leo, kati ya soko na betri.

Jina lenyewe walilonipa lilikuwa likinikwaruza. Waliniita Mzee Wesonga. Kila nikilisikia nilitaka kugeuka nimtazame baba.

Mwezi wa tatu wakabuni bangili. Ni chuma kama saa ya tembo, ina mota ndani na waya unaokwenda kwenye kisanduku, na ikiwashwa inavuma kama nyuki aliyefungiwa chupani. Waliipa jina kabla ya kuijenga: Tulizo. Nadharia ya Viraj ni kwamba mtetemo wa mota utapambana na mtetemo wa mkono, na yote miwili itakufa. Siku ya kwanza walinivalisha wote watatu wakiwa wamezuia pumzi. Sasa, dada, mimi ni mwigizaji mbovu lakini ni mwigizaji. Mtu akinivalisha kitu huku macho yamemtoka namna ile, najua onyesho linataka nini. Nikaukaza mkono, ukatulia.

Ungewaona! Viraj alicheza bhangra juu ya gunia. Ndeti akanikumbatia, akaninong'oneza kwamba nimebadilisha maisha ya watu. Mimi nikamwambia wazi, kwa adabu, kwamba dada Ndeti, mkono nimeusimamisha mwenyewe, si mnajua naigiza? Akacheka, akanipiga bega. "Tunajua, Mzee. Lakini maoni yako kama mtumiaji bado ni halali." Nililiwaza jibu hilo njia nzima na hadi leo sijapata mlango wa kuliingilia.

Tangu hapo walikuwa wakibadilisha mota, wakibana skurubu, wakinivalisha tena, nami natulia. Ilikuwa heshima tu, kama vile unavyosifu mboga za mwenyeji. Asubuhi moja walisahau kuunganisha betri. Nilitulia vilevile. Walipogundua, nilidhani sasa wameshtuka, wataona. Wapi! Viraj alisimama katikati ya chumba, akashika kichwa, akatangaza kwamba Tulizo inafanya kazi hata bila umeme, na kwamba hilo litawafurahisha wafadhili kuliko yote, maana huku kwetu umeme unapotea. Wakapigiana makofi. Nilipiga na mimi. Ningefanyaje?

Nakwambia ukweli, niliwadharau, na dharau ile ilikuwa tamu. Mtu aliyekuwa maiti maisha yake yote akipata watu watatu wenye shahada wa kuwadharau, anashiba bila kula. Nikirudi jioni nilimsimulia jirani yangu aitwaye Wangu, tukacheka hadi mumewe akagonga ukuta. Ila siku moja Wangu alinikatiza kicheko. Akaniuliza kwa nini bado naigiza na kazi imekwisha. Nilikuwa nimeuweka mkono mezani. Nikamwambia ni mazoezi.

Ijumaa ya wiki tatu zilizopita ikawa siku ya maonyesho, katika hoteli moja kubwa katikati ya jiji, yenye zulia linalomeza viatu. Wafadhili walikuwapo, wakubwa wa wizara walikuwapo, na waandishi wa habari waliokuja kula. Nilivalishwa gauni la hospitali juu ya suruali yangu ya Jumapili. Mbele yangu wakaweka kikombe cha chai, kimejaa hadi ukingoni. Mpango ulikuwa mwepesi: nikinyanyue kwanza bila bangili, chai imwagike, watu wasikitike. Kisha nivalishwe, ninyanyue tena, ninywe, watu washangilie. Viraj alikuja kunitengeneza kola, akaniambia, "Mzee, leo ongeza kidogo. Hawa wametoka mbali."

Mara ya kwanza chai ilimwagika vizuri sana. Bibi mmoja wa mbele alishika kifua. Wakanijazia tena, wakanivalisha Tulizo, ikavuma. Nikaukaza mkono kama siku zote.

Haukutulia.

Nikaukaza zaidi. Nikauambia moyoni, acha. Ukaendelea. Kikombe kikagongana na sahani, kelele ile ya nyumbani kwetu unayoijua, na chai ikashuka kwenye gauni hadi kwenye suruali ya Jumapili. Nikamsikia Viraj kwa nyuma, akitabasamu mbele ya watu na kusaga meno, "Mzee, imewashwa. Acha sasa." Kisha, "Mzee, please." Nilitaka kuacha, dada. Katika maisha yangu yote ya jukwaani sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka kuacha.

Profesa Nthiwa akachukua kipaza sauti. Akaona chombo chake kinazama, akaamua kunitupa mimi majini. Akawaambia wageni wasiwe na wasiwasi juu ya kifaa, kwamba huyu si mgonjwa, ni mwigizaji tu, na leo amesahau sehemu yake. Ukumbi mzima ukacheka. Kicheko cha afueni, cha watu waliokuwa wameanza kunionea huruma wakaambiwa wanaweza kuacha. Nami nilikuwa pale mbele yao, mkono unabingirisha punje ya mtama, nao wanacheka, na mmoja akapiga makofi akasema ni hodari, hebu mtazame, bado anaendelea.

Nilitoka na gauni langu hadi korido ya nyuma, penye meza za vyombo vichafu. Nidhi akanifuata. Nilidhani amekuja kuichukua bangili, nikaanza kuifungua na nikashindwa. Hakuigusa. Aliniomba nitembee hadi mwisho wa korido nirudi. Nikatembea. Akaniuliza kama najua kwamba mkono wangu wa kulia haupepei nikitembea, unaning'inia tu. Nikamwambia ni uchovu. Akachukua kitambaa cha karatasi cha hoteli, akaniomba niandike jina langu juu yake, tena na tena, hadi chini. Nikaandika. La kwanza lilikuwa jina. La mwisho, dada, lilikuwa wale chungu wako.

Akaniuliza nimetetemeka tangu lini. Nikasema mimi sitetemeki, naigiza. Akasema, kwa sauti ndogo kuliko yangu, "Mzee, hii si kuigiza."

Kisha akaanza kulia, daktari mzima, kati ya sufuria na vikombe. Alisema amenitazama miezi mitano, uso wangu, hatua zangu, sauti yangu, akaona kila kitu kilivyo kitabuni, na kila siku alirudi nyumbani akimwambia mama yake kuna mwigizaji wa ajabu kazini. Nikajikuta mimi mgonjwa ndiye ninayembembeleza daktari. Nikamwambia asijilaumu. Wote tulidhani nina kipaji.

Jumatatu iliyofuata alinipeleka mwenyewe kwa mtaalamu wa mishipa ya fahamu. Mtaalamu alinipindapinda viwiko, akanigongagonga, akathibitisha. Ni ule ule wa baba. Nimeanzishiwa vidonge ambavyo baba hakuvipata, na mtaalamu anasema vitanisaidia kwa miaka kadhaa, si haba. Kwa hivyo hilo ndilo jibu la swali lako la tatu, na la kwanza, na la pili. Simu haina kosa. Mikono yangu iko kama ya baba, dada. Nimekwambia.

Sasa nakuona umeshika mdomo. Keti kidogo, nimalizie ya mafelo, maana hujawasikia wote.

Nilipokwenda Hurlingham kurudisha gauni, nikiwa nimelifua, Viraj alinipokea langoni. Habari alikuwa amezipata. Alinipa pole, na nadhani aliisema kwa dhati, kwa muda wa pumzi moja hivi. Kisha macho yakaanza kumng'aa. Akasema, Mzee, unaona, hii inatatua ile shida ya kibali, sasa hatuhitaji kibali, wewe mwenyewe umekuwa wa kweli. Tunaweza kuendelea na wewe hadi mwisho wa mwaka. Ndeti akatokea nyuma yake, akasema hata hadithi yangu itawagusa wafadhili, mwigizaji aliyepatwa na ugonjwa aliokuwa akiuigiza. Wakanitazama kama siku ile ya bangili, wamezuia pumzi.

Niliwaambia kwamba yule mgonjwa wao wa mazoezi alikuwa na adabu, alikuwa akitulia kila akivalishwa upuuzi. Huyu wa kweli hana adabu hiyo. Nikawapa gauni lao. Mbwa alinisindikiza.

Nidhi ameacha ufelo, amerudi hospitali. Anasema ataniona kila mwezi bila mimi kumwigizia kitu. Nilimdharau zaidi ya wote, na hata sasa namdharau kidogo, kwa mazoea, lakini naenda.

Na wewe ulikuwa sahihi tangu siku ya mfalme. Watu wengi wamenitazama tangu wakati huo, wenye shahada na wasio nazo, na ni wewe peke yako uliyesema mapema kwamba siwezi kuigiza. Ile mara moja niliyosifiwa, sikuwa naigiza.

Mwezi wa nane nitakuja kwa kumbukumbu ya baba kama ulivyoniomba. Kuhusu kusoma maisha yake mbele ya watu, nitasoma, ila mtafute Shemeji asimame karibu, sauti ikipungua apokee. Wasalimie watoto wote, msalimie Mama Komal wa dukani, mwambie deni la kiberiti la mwaka ule nalikumbuka. Msalimie mwenye goti. Usimwambie mtu yeyote kuhusu mikono yangu kabla sijafika. Nitawaambia mwenyewe, au mikono itawaambia.

Jambo moja tu, na sitalirudia nikiwa hapo. Siku hiyo wageni wakiwa wamejaa uwanjani na chai ikiletwa, yangu utie nusu. Nikimaliza, uongeze nusu. Wakisema dada yake Zachariah ni mchoyo, waache waseme.

Ni mimi mdogo wako, ile nguzo ya ua,

Zachariah Wesonga